Wazao wa nani? Kuhusu neno moja katika utangulizi wa katiba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nijibu makala iliyochapishwa na gazeti lako juma lililopita kuhusu katiba ya Marekani. Mwandishi wake aliutafsiri utangulizi wa katiba hiyo kwa Kiswahili kizuri, na alipofika mahali panapotaja watu ambao baraka za uhuru zilikuwa zikihifadhiwa kwa ajili yao, akaandika "sisi wenyewe na wazao wetu". Kisha, juu ya neno hilo moja, akajenga hoja kwamba Wamarekani wa mwaka 1787 walijiandikia wasia wa ukoo, kwamba kwa kauli yao wenyewe nchi ile waliachiwa watu waliotoka viunoni mwao, na kwamba wengine wote waliofika baadaye wamo humo kwa hisani tu. Akamaliza kwa kushauri kwamba siku tutakapoandika katiba mpya hapa kwetu nasi tuweke maneno kama hayo, ili nchi ibaki mikononi mwa wazao halisi wa waliopigania uhuru.

Sina ugomvi na Kiswahili chake. Nimefundisha Uraia na Historia katika shule za sekondari za mkoa huu kwa miaka ishirini na tisa, na kama mwanafunzi angeniuliza ghafla, chaki ikiwa mkononi, pengine hata mimi ningemjibu "wazao". Ugomvi wangu ni na jengo zima lililosimamishwa juu ya neno hilo, kwa sababu msingi wake hauwezi kulibeba.

Katiba ile ilitiwa saini mjini Philadelphia tarehe 17 Septemba 1787 na wajumbe 39, na utangulizi wake ni sentensi moja ndefu yenye maneno 52. Aliyeipa sentensi hiyo sura tunayoijua ni Gouverneur Morris, mjumbe wa Pennsylvania, aliyekuwa katika kamati iliyokabidhiwa kazi ya kunyoosha lugha ya rasimu. Neno lenyewe la Kiingereza ni "posterity", na mzizi wake wa Kilatini unamaanisha wale wanaokuja nyuma, wanaofuata. Ni kweli kwamba linaweza kutumika kwa watoto na wajukuu wa mtu mmoja, lakini hutumika vilevile kwa watu wote watakaoishi baada yetu, wawe wametokana nasi au hawakutokana nasi, ndiyo maana Waingereza husema kwamba mchoraji ameiachia "posterity" kazi yake hata kama mchoraji huyo hakuoa wala hakuacha mtoto. Kamusi peke yake, basi, haiwezi kuamua shauri hili, na mwandishi wa makala alifanya haraka kudhani kwamba imekwisha kuamua.

Jambo ambalo makala haikuligusa ni historia ya sentensi yenyewe. Neno hilo halikuingia kwa mkono wa Morris. Rasimu iliyowasilishwa mbele ya wajumbe tarehe 6 Agosti 1787 ilikuwa nalo tayari, ila ndani ya sentensi nyingine kabisa. Rasimu hiyo iliyataja majimbo kumi na matatu moja moja, kuanzia New Hampshire hadi Georgia, kisha ikasema kwamba watu wa majimbo hayo wanaweka katiba kwa ajili ya kujitawala wao wenyewe na kuwatawala watakaowafuata. Mwezi uliofuata, katika kunyoosha lugha, orodha ya majimbo ikaondolewa na kubaki "Sisi Watu wa Marekani", na hao watakaofuata wakahamishwa kutoka kwenye kutawaliwa wakawekwa kwenye kuhifadhiwa baraka za uhuru. Kwa mtu aliyesahihisha insha maisha yake yote, hakuna ushahidi mtamu kuliko huu wa kuona neno lile lile likitolewa katika kazi moja na kupewa nyingine. Mwezi Agosti watu wa kesho walikuwa raia wa kuongozwa. Mwezi Septemba wakawa watu wenye haki ya kukuta kitu walichohifadhiwa. Wasia wa ukoo hauandikwi hivyo.

Tuwatazame na hao walioandika. Mwenyekiti wa mkutano ule alikuwa George Washington, na mjumbe ambaye Wamarekani humtaja kama baba wa katiba yao ni James Madison. Wote wawili hawakujaliwa watoto wa kuzaa. Wote wawili walioa wajane waliokuwa na watoto, wakawalea watoto wa wake zao. Ikiwa neno lile lilimaanisha damu, basi mwenyekiti na fundi mkuu wa kazi nzima walikaa Philadelphia kipindi chote cha joto wakihifadhi baraka za uhuru kwa ajili ya watoto wa wenzao, jambo ambalo linawezekana, lakini linahitaji maelezo ambayo makala haikutoa. Alexander Hamilton, aliyetia saini pia, alizaliwa katika kisiwa cha Nevis. James Wilson alizaliwa Uskoti. Na ndani ya katiba hiyo hiyo, katika ibara ya kwanza, Bunge lao limepewa mamlaka ya kutunga sheria ya kuwapa wageni uraia. Mtu anayefunga mlango kwa ajili ya ukoo wake hatengenezi bawaba katika mlango huo huo.

Sisi tunaomwita Mwalimu Nyerere Baba wa Taifa hatukupaswa kusumbuka na jambo hili hata kidogo. Hakuna Mtanzania anayesikia jina hilo akauliza ni watoto wangapi aliwazaa, wala hakuna Mmasai, Mpemba au Mhindi wa Dar es Salaam anayedhani kwamba ameachwa nje kwa sababu hakuzaliwa Butiama.

Hata hivyo, nikiishia hapo nitakuwa nimeonyesha upande mmoja tu wa kanga. Tafsiri ya mwandishi wa makala haikuanzia kwake. Iliwahi kutolewa na mtu mwenye cheo kikubwa kuliko sisi sote, na madhara yake yamo katika vitabu vya historia. Dred Scott, mtu mweusi aliyekuwa mtumwa, alifungua kesi akidai kwamba yeye ni mtu huru kwa sababu bwana wake alikuwa amekaa naye katika maeneo ambayo utumwa ulipigwa marufuku. Shauri hilo lilipofika Mahakama ya Juu ya Marekani na kuamuliwa mwaka 1857, Jaji Mkuu Roger Taney aliandika kwamba jumuiya ile ya kisiasa iliundwa na watu waliokuwa raia wa majimbo wakati huo, kwa ajili yao na watakaotokana nao, na si kwa ajili ya mwingine yeyote. Na kwamba mtu mweusi, awe mtumwa au huru, hakuwamo wala hangeweza kuwamo. Neno alilolitumia ni lile lile la utangulizi. Alilitoa kwenye sentensi inayofungua mkono, akalitia kwenye hukumu inayofunga ngumi.

Kinachonivutia zaidi katika kesi hiyo ni jibu la Jaji Benjamin Curtis, mmoja wa majaji wawili walioikataa hukumu. Curtis hakupoteza muda kubishana juu ya huruma. Alisema kwamba wakati katiba ilipokuwa ikiidhinishwa, yalikuwapo majimbo matano ambamo watu weusi waliokuwa huru walikuwa na haki ya kupiga kura sawa na wenzao. Kwa hiyo walikuwa miongoni mwa watu walioiweka katiba, na kama waliiweka, basi waliiweka kwa ajili yao na watakaowafuata. Yaani hata ukikubali kipimo cha damu, kipimo hicho chenyewe kinawaingiza wale ambao Taney alitaka kuwatoa. Hoja hiyo ilishindwa mahakamani kwa kura saba dhidi ya mbili. Ikafuata vita ya wenyewe kwa wenyewe, na mwaka 1868 yakapitishwa Marekebisho ya Kumi na Nne, yanayosema kwamba kila aliyezaliwa Marekani au aliyepewa uraia huko, akiwa chini ya mamlaka ya sheria zake, ni raia. Kwa maandishi hayo swali la damu lilijibiwa ndani ya katiba yenyewe, na anayelifufua leo anapaswa kuanza kwa kueleza anayafanyia nini maandishi hayo.

Nikiri pia kwamba walioandika mwaka 1787 hawakuwa malaika. Katika kurasa zile zile walikubaliana kwamba Bunge lisizuie uingizaji wa watumwa kabla ya mwaka 1808, na katika ibara inayoeleza namna ya kurekebisha katiba wakaongeza kwamba kifungu hicho kisiguswe kwa marekebisho yoyote hadi mwaka huo. Watu waliotaja uhuru wa vizazi vya baadaye waliifungia biashara ya kuuza binadamu kwa kufuli la miaka ishirini. Sioni njia ya kuyapatanisha mambo hayo mawili, na sijui kwa nini nijaribu.

Sasa nirudi kwenye Kiswahili, maana hapo ndipo kosa lilipoanzia. Lugha yetu ina ngazi nzuri ya uzao: mtoto, mjukuu, kitukuu, kilembwe, na wapo wazee wanaoendelea hadi kining'ina. Ngazi hiyo ina sifa moja ambayo hatuitazami kwa sababu tumeizoea, nayo ni kwamba kila kipandio kina mwenyewe. Hakuna kitukuu asiye wa fulani. Ukisema "wazao", msikilizaji anauliza papo hapo, wazao wa nani? Lakini ukisema "vizazi vijavyo" au "watakaokuja baada yetu", swali hilo halizuki, kwa sababu kipimo si tumbo walikotoka bali ni wakati watakaoishi na mahali watakapoishi. Kiingereza kina neno moja linalobeba mizigo yote miwili, sisi tuna mifuko miwili tofauti, na mfasiri hana budi kuchagua. Wajapani walikutana na uchaguzi kama huo katika katiba yao iliyoanza kutumika mwaka 1947, ambayo rasimu yake iliandaliwa na Wamarekani waliokuwa wakiikalia nchi hiyo baada ya vita: katika utangulizi walitumia neno la lugha yao lenye maana ya watoto na wajukuu, na katika ibara za haki za binadamu wakaandika raia wa sasa na wa baadaye. Hawakuona aibu kutumia mawili.

Nilijifunza tofauti hiyo nje ya vitabu. Miaka michache iliyopita, kijijini kwa mama yangu katika wilaya ya Chamwino, uliitishwa Mkutano Mkuu wa Kijiji kujadili mpango wa matumizi bora ya ardhi. Tulikaa chini ya mbuyu ulio karibu na ofisi ya kijiji, wazee kwenye viti vya plastiki, akina mama kwenye mikeka na kanga, na vijana wakiegemea pikipiki zao kwa mbali kama watu wasiohusika. Wataalamu wa wilaya walikuwa wametandaza ramani juu ya meza na kuikandamiza kwa mawe manne, kwa sababu upepo wa Dodoma wa mwezi wa nane hauna heshima kwa karatasi ya mtu yeyote. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatambua ardhi inayotumiwa na wote kwa pamoja, ardhi inayomilikiwa na mtu au familia, na ardhi ambayo kijiji kinaweza kuigawa baadaye. Hiyo ya mwisho kwetu huitwa ardhi ya akiba, na mtendaji wa kijiji alipofika hapo katika kusoma muhtasari, alisoma kwamba eneo la upande wa korongo limetengwa "kwa ajili ya wazao wa kijiji".

Mzee mmoja akanyoosha fimbo yake kuomba nafasi. Akasema, "Mheshimiwa mwenyekiti, mimi nililetwa hapa na lori wakati wa Operesheni ya kuhamishia watu vijijini, mwaka 1971. Nimezika mke hapa, nimezika watoto wawili hapa. Ukoo wangu hauko hapa. Hawa wazao wa kijiji ni wazao wa kijiji kipi, kile cha kabla ya lori au hiki cha baada ya lori?" Watu wakacheka, lakini mwenyekiti hakucheka, kwa sababu alijua kwamba nusu ya waliokaa pale waliletwa na lori hilo hilo au walizaliwa na walioletwa nalo. Kabla hajajibu, mama mmoja akasema bila kusimama, "Na mimi binti yangu ameolewa Singida, ana watoto sita. Hao ni wazao wa hapa au si wa hapa? Maana kama ni wa hapa, niwapigie simu sasa hivi waje wachukue eneo." Pakawa na kelele. Mjadala wa neno hilo ulichukua muda mrefu kuliko mjadala wa mipaka ya malisho, na mtaalamu mmoja alikuwa akitazama saa. Mwishowe mtendaji alikata neno "wazao" kwa mstari mmoja, akaandika juu yake "watakaokuwa wakazi", na yule mzee akaomba sentensi isomwe tena tangu mwanzo, ikasomwa.

Hakuna aliyekuwapo pale aliyepata kuusikia mkutano wa Philadelphia, lakini swali lao lilikuwa lile lile lililowagawa Taney na Curtis, na kwa maoni yangu walilijibu vizuri zaidi na bila kumwaga damu.

Likiisha swali la ni nani, linabaki gumu zaidi: neno hilo linamdai nani? Mwandishi wa makala analichukulia kama hati ya kurithi, inayowapa kitu wanaokuja. Mimi naliona kama hati ya kuwabana waliopo. Watu wa kesho watatawaliwa na maandishi ambayo hawakuyapigia kura, watalipa madeni ambayo hawakuyakopa na watakunywa maji ambayo sisi tumekwisha kuyatumia. Thomas Jefferson, akiwa Paris, alimwandikia Madison tarehe 6 Septemba 1789 kwamba dunia ni mali ya walio hai, nao wana haki ya kuitumia tu na kunufaika nayo. Akapiga hesabu ya vifo vya zama zake na kuhitimisha kwamba katiba na deni la taifa visidumu zaidi ya miaka 19. Madison alimjibu mwaka uliofuata kwa upole wa mtu anayemheshimu rafiki yake lakini hakubaliani naye. Alisema kwamba yapo madeni yanayokopwa hasa kwa faida ya watakaofuata, na kwamba si haki kuwaachia faida bila kuwaachia sehemu ya mzigo.

Ninaegemea upande wa Madison, na ninaegemea kwa sababu ya reli. Treni ya umeme kati ya Dar es Salaam na Dodoma ilipoanza kubeba abiria mwaka 2024, mjukuu wangu alisafiri nayo akiwa na umri wa miaka minne. Sehemu ya fedha zilizoijenga ni mikopo, ambayo atakuwa akisaidia kuilipa akiwa na watoto wake mwenyewe, na watoto hao watakuwa wakipanda treni hiyo hiyo. Deni la namna hiyo naweza kumtazama usoni nikamweleza. Lakini lipo deni jingine, la fedha zilizokopwa zikaliwa, ambalo nisingejua nianzie wapi kumweleza, na hapo ndipo Jefferson anapokuwa na haki hata kama hesabu yake ya miaka 19 ilikuwa ya ajabu.

Ubaya wa neno hili ni kwamba gharama yake hulipwa na mtu aliyepo, na aghalabu si yule anayelitamka. Nilipokuwa nikifundisha Kondoa nilipanga kwa mzee aliyewahi kuwa na ng'ombe wengi. Milima ya Irangi ilikuwa imekatwakatwa na makorongo kiasi kwamba mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, unaojulikana zaidi kwa jina la HADO, ulianzishwa mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kabisa katika eneo lililoathirika. Uoto ulirudi, jambo ambalo nimeliona kwa macho yangu, na miaka mingi baadaye watu wakaanza kufuga ng'ombe wachache wa maziwa bandani. Lakini mzee yule hakuwa na ng'ombe wa bandani. Jioni moja aliniambia, "Mwalimu, walituambia udongo huu ni wa watoto wenu. Watoto wenyewe walikuwa wamekaa pale mlangoni wakiuliza maziwa." Sikumjibu. Nadhani serikali ilifanya sawa, na nadhani yeye alikuwa na haki ya kulipwa zaidi ya maneno hayo.

Kondoa hiyo hiyo ina michoro ya miambani ya Kolo, iliyoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006. Wataalamu hudhani kwamba ile ya kale yenye rangi nyekundu ni kazi ya jamii za wawindaji, na ile nyeupe ya baadaye ni ya wakulima. Wenyeji wa leo hawadai kwamba waliochora twiga wale walikuwa babu zao, lakini baadhi ya sehemu hizo bado hutumiwa kwa matambiko, na wao ndio wanaojua njia ya kupanda hadi huko. Ni nani basi aliyeachiwa michoro hiyo, mzao aliyepotea au mwenyeji anayeitunza?

Niguse kwa ufupi katiba yetu, kwa kuwa makala iliigusa. Utangulizi wa Katiba ya mwaka 1977 unaanza na sisi wananchi, unataja jamii inayozingatia uhuru, haki, udugu na amani, na hautaji vizazi vijavyo. Mwandishi anauona huo kuwa upungufu. Mimi sioni hivyo moja kwa moja, kwa sababu ibara ya 27 inampa kila mtu wajibu wa kulinda maliasili na mali ya pamoja, na inatutaka tuendeshe uchumi wa taifa kwa makini, kama watu ambao ndio wenye kuamua hali yake ya baadaye. Aidha, kabla hatujawa na katiba yoyote ya kwetu, Mwalimu Nyerere alikwisha kuahidi, katika tamko lililojulikana kama Manifesto ya Arusha la Septemba 1961, kwamba tutafanya kila linalowezekana ili wajukuu wa watoto wetu waukute urithi wa wanyamapori. Maneno tunayo. Tunayo mengi mno, kiasi kwamba katika hotuba zetu "kwa faida ya kizazi hiki na vizazi vijavyo" imekuwa kama kipengele cha mengineyo mwishoni mwa ajenda: kila mtu anajua kwamba kikifika, watu wameanza kukusanya karatasi zao.

Kwa hiyo, iwapo mchakato wa katiba mpya uliokwama utafufuliwa, yaani ule uliolileta Bunge Maalum la Katiba hapa Dodoma mwaka 2014 na ambao kura yake ya maoni ya Aprili 2015 iliahirishwa, sitakuwa miongoni mwa watakaoshangilia kwa kuona maneno hayo kwenye utangulizi. Huko Marekani kwenyewe Mahakama ya Juu ilisema mwaka 1905 kwamba utangulizi si chanzo cha mamlaka yoyote ya serikali. Ufilipino, ambao utangulizi wa katiba yao ya mwaka 1987 una maneno yanayofanana sana na yale ya Philadelphia, waliweka pia ibara inayojitegemea kuhusu haki ya mazingira yenye afya, na kwa kuisimamia ibara hiyo kundi la watoto, pamoja na wazazi wao, walikwenda mahakamani kupinga leseni za kukata misitu; mwaka 1993 Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ikakubali kwamba watoto hao wanaweza kusema kwa niaba ya kizazi chao na vya wale ambao hawajazaliwa. Wakenya nao katika katiba yao ya mwaka 2010 hawakuishia kwenye utangulizi. Ibara ya 42 inampa kila mtu haki ya mazingira yaliyohifadhiwa kwa faida ya waliopo na wajao. Kwetu, malengo mengi mazuri yamewekwa katika sehemu ambayo ibara ya 7 inasema wazi kwamba mahakama hazina uwezo wa kuisimamia. Neno hili likiwekwa huko, litalala usingizi mzuri.

Namwomba basi mwandishi wa makala, ambaye kalamu yake naiheshimu, airekebishe tafsiri yake isomeke "sisi wenyewe na watakaokuja baada yetu". Ni neno moja tu zaidi ya yale aliyotumia, na najua kwamba nafasi gazetini ni ghali; mtendaji wetu naye alilalamika siku ile kwamba mstari umejaa, akamalizia pembeni mwa ukurasa.

Mwalimu mstaafu,
Kikuyu, Dodoma